Viraka vya Kitabu cha Rehema

Vitabu vichache vya tibu vimependwa na waganga wa kitabu katika mwambao wa Waswahili kama Ar-Rahma fi t-Tibb wa l-Hikma. Jina hilo, likiletwa katika Kiswahili, ni Rehema katika Tibu na Hekima, na katika makala haya kitaitwa Kitabu cha Rehema. Chapa zake za bei nafuu zilitoka Cairo na Beirut zikatawanyika bandari kwa bandari, na juu ya majalada yake limeandikwa jina la Jalaluddin as-Suyuti. Jina hilo peke yake latosha kumnyamazisha mwenye shaka. Suyuti, mwanachuoni wa Misri aliyezaliwa mwaka 1445 na kufariki 1505, ni mmoja wa waandishi wawili wa Tafsiri ya Jalalaini, ambayo vizazi vya wanafunzi wa pwani vimeisoma mbele ya masheikh wao. Nani atakayebishana naye juu ya kipimo cha habasoda?

Lakini kitabu si chake. Wachunguzi wa hati za Kiarabu wanakinasibisha na Mahdi bin Ali as-Sanawbari, msomi wa Yemen aliyefariki mwaka 1412, miaka zaidi ya 30 kabla Suyuti hajazaliwa. Kosa lenyewe linaeleweka. Suyuti aliandika mamia ya vitabu, na kimoja kati ya hivyo kinahusu tibu ya Mtume. Kwa hiyo mnakili aliyekuta kitabu cha tibu kisicho na jina, au chenye jina la Myemeni asiyejulikana, alikuwa na mahali pepesi pa kukipeleka. Wachapaji wakafuata, kwani jina kubwa huuza.

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya wakutubi: dawa ni dawa, awe ameiandika Suyuti au Sanawbari. Hoja hii ina uzito kwa kitabu cha mashairi ya mapenzi, ambapo beti hubaki tamu hata likikosewa jina la mtungaji. Kwa kitabu cha tibu haina uzito huo. Kitabu cha tibu kinapopewa jina la mfasiri wa Kurani, ushauri wake wa chakula na mafuta hupanda daraja. Hutoka katika mambo ambayo mtu huyajaribu na kuyasahihisha, ukaingia katika mambo ambayo mtu huyakubali kwa adabu. Mgonjwa anayekataa dawa ya tabibu wa Yemen amekataa dawa. Anayekataa dawa ya Suyuti huhisi amekataa dini. Ndiyo sababu swali la vyanzo vya kitabu hiki haliwezi kuachiwa maktaba.

Mahali pazuri pa kukisomea ni Jibondo. Ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya Mafia, jirani na Juani na Chole. Udongo wake ni haba, kilimo chake si cha kutegemewa, na maji matamu kwa muda mrefu yalikingwa kutoka mvua au yalivushwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Sifa ya Jibondo ni uvuvi na uundaji wa majahazi. Sifa nyingine ni mlango wa msikiti wake, ambao husemwa uliletwa kutoka Kua, mji wa Juani ulioangamizwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Watu wa Jibondo hawaufichi mlango huo wala hawasemi ulichongwa kwao. Wanausalia na wanaunasibisha. Fundi wa chombo naye ana desturi hiyohiyo: akitoa ubao uliooza na kutia mpya, akakaza kalafati na kupaka sifa, hamwambii mwenye chombo kwamba jahazi lote ni la siku moja. Mwenye chombo anataka kujua ubao upi ulitiwa lini, kwa kuwa maji yakiingia yataingia penye mshono.

Kitabu cha Rehema ni chombo cha namna hiyo, na mishono yake inaonekana kwa atakayetazama.

Sanawbari alikipanga katika milango mitano: elimu ya maumbile, tabia za vyakula na dawa, yafaayo mwili wakati wa afya, maradhi ya kiungo kimoja kimoja, na maradhi yanayoenea mwili mzima. Mpango huu ni wa mtu anayefikiri. Anaanza na misingi, anaendelea na mali aliyonayo mganga, anamtunza mzima kabla ya mgonjwa, kisha ndipo anaingia katika ugonjwa. Mlango wa kwanza ndio bora kuliko yote. Ni mfupi, haupigi domo, na unampa msomaji ufunguo wa kufungulia milango mingine: ulimwengu umejengwa kwa joto, baridi, rutuba na ukavu, na mwili nao umejengwa kwa hizohizo. Ugonjwa ni moja kuzidi. Dawa ni kinyume chake.

Hapa Mswahili ana bahati ambayo hajaihesabu. Msamiati wa mlango huo umo kinywani mwake tayari, ila umebadili nyumba. Neno tabia, ambalo katika kitabu ni ile asili ya kitu, kuwa cha moto au cha baridi, kwa Waswahili limekuwa mwenendo wa mtu. Na hata hivyo mama anayesema kwamba mtoto huyu ni tabia yake bado anazungumza juu ya jambo asiloweza kulibadili kwa viboko. Rutuba imehamia shambani. Balghamu imekaa katika kamusi za zamani ikasukumwa kando na kohozi. Safura, ambayo ilikuwa nyongo ya manjano, imekuwa ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu, nadhari ya watu ikiwa imekaa kwenye rangi ya mgonjwa badala ya nyongo yake. Sauda, nyongo nyeusi, haikupata makazi. Weusi wake tu ndio ulioingia jikoni ndani ya habasoda.

Lakini pato kubwa ni baridi yabisi. Maneno mawili haya yamekaa pamoja kiasi kwamba msemaji hasikii tena kuwa ni mawili. Katika elimu ya Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2 ambaye Waarabu humwita Jalinusi, udongo ni baridi na mkavu, na nyongo nyeusi ni baridi na kavu. Na viungo vinavyokakamaa vimeingiliwa na tabia hizo mbili. Mzee wa Jibondo anayeshika goti akalalamikia baridi yabisi ametaja mlango wa kwanza wa Kitabu cha Rehema, na nyuma yake wanafunzi wa Galen, na nyuma yao Hippocrates, bila kufungua ukurasa. Hakuna mfasiri atakayelitafutia neno hilo tafsiri bora kuliko ile ambayo wazee wamekwisha kuifanya.

Basi ubao wa kwanza wa chombo hiki ni wa Kiyunani, na Waarabu waliuchukua kwa uwazi, wakimtaja mwenyewe. Ubao wa pili unasahaulika zaidi, nao ni wa Bara Hindi.

Mwaka 987 Ibn an-Nadim wa Baghdad aliandika orodha yake mashuhuri ya vitabu vilivyokuwa vikijulikana kwa Kiarabu, na ndani yake mna fungu la vitabu vya tibu vya Kihindi. Kimo cha Sushruta, ambacho Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki aliamuru Manka Mhindi akieleze kwa ajili ya hospitali. Kimo cha Charaka, ambacho kwanza kilitiwa katika Kiajemi, kisha Abdallah bin Ali akakitoa Kiajemi kukitia katika Kiarabu. Kimo pia cha Vagbhata, kilichofasiriwa na Ibn Dahn. Ukoo wa Barmaki ulianguka mwaka 803, kwa hiyo amri ile kwa Manka ilitoka kabla ya hapo. Mwaka 850 Ali bin Rabban at-Tabari alimaliza Firdaws al-Hikma, na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho akaitenga kwa ajili ya tibu ya Wahindi, akiwataja waliomtangulia. Ar-Razi naye humnukuu Charaka kwa jina. Hawa walikuwa watu waliojua kushukuru.

Kitabu cha Charaka chenyewe ni funzo juu ya viraka. Husimuliwa kuwa mafundisho yake ni ya mwalimu Atreya, mwanafunzi wake Agnivesha akayaandika, Charaka akayahariri, na karne kadhaa baadaye Dridhabala, alipokikuta kitabu kina pengo, akakikamilisha. Kati ya milango 120, milango 41 ni ya Dridhabala. Hatuhitaji mpelelezi kutuambia hivyo, kwa sababu Dridhabala mwenyewe ameandika ndani ya kitabu kwamba sehemu hiyo ni kazi yake na kwamba aliikusanya kutoka vitabu vingi. Angeweza kunyamaza. Jina la Charaka lilikuwa kubwa kuliko lake, na kunyamaza kungemfaidi. Alichagua kusema, na kwa kusema huko msomaji wa leo anajua yuko wapi anapovuka kutoka sauti moja kuingia nyingine. Mnakili aliyembandika Suyuti juu ya Sanawbari alifanya kinyume kabisa cha Dridhabala.

Je, ubao huo wa Kihindi unaonekana vipi katika vitabu vya tibu vya Kiarabu? Mahali pa hakika kabisa ni majina. Dawa ya matunda matatu iitwayo triphala kwa Kisanskriti imeingia katika vitabu hivyo kwa jina la itrifal, na matunda yenyewe, haritaki, bibhitaki na amalaki, yakawa ihlilaj, balilaj na amlaj. Mawili ya mwanzo ni ndugu wa mkungu unaotia kivuli bandari nyingi za pwani. Ibn Sina amepanga itrifal katika Kanuni yake bila kuona haya. Jina la namna hii ni ushahidi usiopingika, kwa kuwa halina maana katika Kiarabu. Lina maana kule lilikotoka tu. Kiswahili nacho kimepata fungu lake. Pilipili ni pippali, iliyopita Uajemi na Uarabuni. Sukari ni sharkara. Kafuri ni karpura. Sandali ni chandana. Mpishi wa Jibondo anapoagiza pilipili na sukari kutoka Kilindoni ameagiza kwa Kisanskriti kilichochakaa kwa safari.

Nje ya majina, hakika hupungua, na hapo ndipo uhakiki mwingi wa mambo haya huharibika. Mtu akishagundua kwamba itrifal ni ya Kihindi, huanza kuiona India kila mahali. Chukueni mfano wa samaki na maziwa. Charaka anakataza kuvila pamoja. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, naye anaonya dhidi ya kuvichanganya katika kitabu chake juu ya tibu ya Mtume. Yavutia kusema katazo lilisafiri kutoka Charaka hadi kwake kwa njia ileile ya Baghdad. Huenda. Lakini kufanana si ukoo. Watu wawili wanaweza kuogopa mchanganyiko mmoja kwa sababu zao mbili, na hapa hakuna jina lililosafiri na jambo likatoa ushahidi. Kadhalika upepo: tibu ya Kihindi inasimama juu ya vitatu, yaani upepo, nyongo na kohozi, ilhali ya Kiyunani inasimama juu ya vinne na upepo haumo kati yao. Mswahili naye husema mtu amepigwa na upepo mbaya, na pepo ni wazazi wa nusu ya maradhi ya pwani. Je, huu ni upepo wa Charaka? Pepo ni neno la Kibantu, na elimu ya pepo ina wenyewe. Anayetaka kuipeleka India na alete hati.

Katika habari ya samaki kuna jambo jingine, dogo lakini lenye kuchekesha kidogo. Katazo la samaki na maziwa lilipofika pwani lilikuta maziwa mengine. Samaki wa kupaka huliwa ndani ya tui, na tui ni maziwa ya nazi. Hakuna sheria ya Baghdad wala ya India iliyolifikiria. Tena vitabu hivi, kwa ujumla, humhesabu samaki kuwa baridi na mwenye rutuba, jambo ambalo lingewafanya watu wa Jibondo, ambao chakula chao ni bahari, kuwa wagonjwa wa balghamu tangu kuzaliwa hadi kufa. Lakini muulizeni mtu yeyote wa pwani juu ya supa ya pweza. Atawaambia kwamba huitia mwili moto, na ataeleza kwa tabasamu moto huo ni wa kazi gani. Msamiati ni wa kitabu, joto na baridi. Hukumu ni ya watu, na imekipindua kitabu. Kirekebisho hiki hakikuandikwa pembeni mwa nakala yoyote, na ndicho mchango wa mwambao ulio wazi kuliko yote.

Kuhusu njia iliyofuatwa na vitu hivi hadi Jibondo, isidhaniwe kwamba kila kitu kilipitia kitabu. Chole, ambayo iko jirani, ilikuwa makao ya serikali kabla Wajerumani hawajahamia Kilindoni mwaka 1913, na palikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Magofu ya nyumba zao na ya hekalu la Kihindu yamo bado kisiwani humo, mizizi ya miti ikiwa imeyakumbatia. Kwa hiyo mvuje, manjano, iliki na uwatu vilikuwa mwendo wa mashua tu kutoka Jibondo, vikiuzwa na watu ambao bibi zao walijua matumizi yake kwa lugha zao wenyewe. Mganga wa kitabu aliyenunua mvuje kwa Banyani alikuwa na vyanzo viwili mbele yake, kitabu na muuzaji, na hakuna ajuaye ni mara ngapi alimsikiliza wa pili akamtaja wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli zake zilichapwa mwaka 1903, ameeleza habari za waganga, maradhi na pepo kwa uangalifu mkubwa; na akimaliza kumsoma, msomaji huona kwamba katika maisha mganga wa miti shamba, mwalimu wa kitabu na fundi wa ngoma walikuwa wakiitwa kwa zamu katika nyumba moja. Kitabu hakikuwa peke yake kamwe.

Wapenzi wa ushairi watauliza swali lao, nalo ni la haki: kwa nini nathari? Wahindi waliiweka tibu katika beti. Kitabu cha Vagbhata ni shairi tupu, beti zaidi ya 7,000, na Charaka mwenyewe amechanganya beti na nathari. Ibn Sina, ambaye hakukosa karatasi, alitunga urjuza ya tibu yenye mistari zaidi ya 1,300 ili wanafunzi waihifadhi. Walijua kwamba mwanafunzi aliye safarini hana kitabu ila kilichomo kichwani. Kitabu cha Rehema ni nathari, na udhaifu wake ulianzia hapo. Mizani ni mlinzi. Mtu akipachika neno ndani ya kipande cha utenzi cha mizani 8, kipande kitachechemea, na hata mtoto wa madrasa atasikia. Nathari haina mlinzi. Humkaribisha kila apitaye na kalamu. Si kwamba mizani ni kufuli, kwani aliye hodari huongeza ubeti mzima wenye vina na mizani yake, kama alivyofanya Dridhabala. Lakini huyo angalau amelipa ushuru wa kazi.

Na walioongeza katika Kitabu cha Rehema hawakulipa kitu. Katika chapa zenye jina la Suyuti, ile milango mitano imekatwakatwa kuwa milango mingi midogo, na kati yake zimeingia hirizi, jedwali za herufi na maagizo ya kuandika na kuosha. Mshono unasikika kwa sikio. Sanawbari akitoa dawa hutoa na sababu: hiki ni cha moto, kile ni cha baridi, kwa hiyo. Msomaji aweza kukataa sababu hiyo, kama tibu ya leo inavyoikataa, lakini amepewa mahali pa kushika. Kiraka hakina kwa hiyo. Kina neno moja tu, mujarrab, yaani limejaribiwa, na neno hilo hurudiwa hadi likapoteza ladha. Limejaribiwa na nani? Wapi? Kwa wagonjwa wangapi, na wangapi kati yao walizikwa? Kama mtindo, ni nathari ya mtu anayeharakisha kuuza.

Hili lisieleweke kuwa ni shambulio dhidi ya kombe. Aya iliyoandikwa kwa zafarani juu ya sahani, ikaoshwa kwa maji na kunywewa, inasimama juu ya imani na haihitaji kujificha nyuma ya Galen. Wanaoiheshimu wangekuwa wa kwanza kutaka itengwe na kipimo cha shubiri. Kuichanganya na dawa za tumbo katika ukurasa mmoja, chini ya jina la kuazima, kunavunjia heshima vyote viwili.

Tena kuna mahali ambapo mchanganyiko huo unadhuru hasa, na mfano ulio karibu ni wanja. Charaka anaagiza wanja wa kila siku kwa ajili ya macho. Hadithi zinausifu ithmid. Vitabu vya tibu vya Kiarabu vinaupa nafasi kubwa. Pwani nzima humpaka mtoto mchanga wanja, kwa uzuri na kwa kumkinga na kijicho. Vyanzo vyote vinne vinakubaliana, na makubaliano ya namna hii humfanya msomaji alale usingizi. Lakini wanja wa jiwe unaouzwa madukani aghalabu hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi, na leo inajulikana vyema kwamba risasi huharibu ubongo wa mtoto, na kwamba hakuna kiasi chake kidogo kilichothibitishwa kuwa salama. Wanja wa masizi, ambao bibi wengi waliutengeneza wenyewe kwa utambi na mafuta, hauna risasi hiyo. Vitabu havikuweza kulijua hili, na hakuna wa kuwalaumu Charaka, Sanawbari wala mtu mwingine wa zama zao. Wa kulaumiwa ni yule anayekichapa kitabu leo chini ya jina lisilo lake, bila neno moja la tahadhari, akijua kwamba jina hilo litamfanya mama asiulize.

Yemen yenyewe ilitoa mfano mwema ambao wachapaji wangeweza kuufuata. Baada ya Sanawbari, katika karne ya 15, Ibrahim al-Azraq aliandika kitabu kiitwacho Tashil al-Manafi, Kurahisisha Manufaa, na katika jina lake refu akasema wazi kwamba kimekusanya Shifaa ya Miili na Kitabu cha Rehema. Vyanzo viko mlangoni, kabla msomaji hajavua viatu. Kitabu hicho kilipochapwa Cairo, pembeni mwa kurasa zake kikawekwa Tibu ya Mtume cha adh-Dhahabi, kila kimoja na jina lake, kimetengwa na mstari. Ukurasa wa namna hiyo si mzuri kwa macho, umejaa mno na herufi zake ni ndogo, lakini ni mkweli. Jicho linaona kwamba hapa anasema mmoja na pale anasema mwingine.

Tafsiri ya Kiswahili ya Kitabu cha Rehema, yeyote atakayeifanya, ingefaa ianze na ukurasa kama huo. Jina la Sanawbari lirudi mahali pake. Milango mitano irudi kuwa mitano, na viraka vifuate nyuma, vikiwa na anwani ya viraka. Majina ya dawa yapewe yale yaliyozoeleka sokoni, sanamaki iwe sanamaki na uwatu uwe uwatu, na penye jina la Kihindi lisemwe ni la Kihindi. Tabia ibaki tabia, na msomaji aachwe ashtuke kidogo anapokuta neno lake la nyumbani limekaa karibu na moto na udongo. Pa risasi na zebaki pawekwe onyo kwa wino mzito. Kazi hiyo si ya siku moja, wala si ya mtu anayejua Kiarabu peke yake. Inamtaka aliyekaa na wauza dawa na wavuvi pia.

Mwarobaini utampa taabu ya pekee. Mti huo ni wa Bara Hindi, na madaktari wa Kisanskriti walikuwa wakiutaja kwa jina la nimba. Waswahili hawakulichukua jina hilo. Waliuita kwa hesabu ya maradhi ambayo huambiwa unayaponya, arubaini, wakatwaa namba ya Kiarabu na kuivika kiambishi cha miti ya Kibantu. Neno zima lina sifa, dai na chanzo kilichopotea.

Taabu nyingine itakuwa ndogo zaidi na itarudi karibu kila ukurasa. Madaktari wa Kiarabu huagiza dawa ichemshwe kwa maji matamu, kisha mgonjwa anywe na mengine yamwagwe. Kwa msomaji wa Zabid au wa Unguja maneno hayo hupita bila kuonekana. Kwa Jibondo mfasiri itambidi aamue kama ataandika maji ya mvua au maji yaliyovushwa, na kama ataliacha lile neno yamwagwe.